Bi Mkunjo na Mlango Uliovuja Moyoni: Risala ya Wafanyakazi wa Chumba cha Kufulia

Jumamosi, tarehe kumi na nne, mwezi wa sita. Leo manyunyu yalianza alfajiri, mawingu yakashuka hadi juu ya bomba la moshi la boila, na kamba zetu za uani zikabaki tupu. Ilipofika saa tatu jua likachungulia, nasi tukaanika.

Mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa hospitali yetu. Wakuu wa idara. Sista wetu wa kliniki ya moyo. Mwalimu wetu wa darasa la jioni. Jamaa na marafiki:

UKARIBISHO

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuamsha salama na kukufikisha chini huku, maana ngazi zetu ni nyingi na wageni wetu ni wachache. Karibu sana. Chumba ulichomo ni chumba cha kukunjia. Meza iliyo mbele yako ndiyo tunayokunjia mashuka ya hospitali nzima, na shuka tulilolitandika juu yake ni la wodi namba nane. Tumelichagua hilo kwa sababu ndilo lenye madoa machache.

Umekuja kuwapa vyeti wenzetu kumi na wanne waliomaliza darasa la jioni. Tunafurahi, na tutapiga makofi mpaka viganja viwake moto. Lakini hatutaki kuzungukazunguka mbele yako. Miongoni mwa hao kumi na wanne yumo mpiga pasi wetu, ambaye wote humwita Bi Mkunjo. Ofisini kwako iko barua ya kumpumzisha kazi kwa sababu za afya, inasubiri sahihi yako. Tunakuomba usikie habari zake kwanza, ndipo ushike kalamu.

HISTORIA YETU

Sisi ni watu ishirini na wawili, zamu mbili. Kazi yetu inaanza pale kazi ya wodi inapoishia. Kila shuka lililolaliwa, kila foronya iliyolowa jasho, kila nguo ya kijani ya chumba cha upasuaji hupita hapa. Mzigo hupimwa kwenye mizani ya mlangoni, huchambuliwa, hufuliwa, hukamuliwa, hukaushwa, hupigwa pasi, hukunjwa, kisha hurudi juu. Sakafu yetu haikauki hata siku moja, na kazi yenyewe ni ya kusimama.

Bi Mkunjo amesimama kwenye pasi ya mvuke miaka kumi na tisa. Jina hilo alipewa na manesi, kwa sababu shuka likitoka mkononi mwake mkunjo wake umenyooka kama uliopigiwa rula. Tena ana desturi yake. Akiushusha mkono wa pasi, midomo humchezacheza. Mgeni atadhani anahesabu. Anaomba. Shuka moja, dua moja, kwa ajili ya atakayelilalia.

Mwenzetu mmoja aliwahi kumuuliza, "Na siku yenye mashuka mia tatu?"

"Siku hiyo naomba kwa kifupi," akasema. "Mungu anaiona foleni."

MIGUU YA DOBI

Mgeni rasmi, sehemu hii tuliijadili sana kama tuiandike au tuiache. Tumeiandika.

Katika kazi yetu miguu kuvimba si habari. Mtu akisimama saa nane kwenye maji, jioni viatu vinambana. Waliotutangulia waliita hali hiyo miguu ya dobi, nasi tukairithi pamoja na dawa yake: beseni la maji ya moto yenye chumvi, kisha vitambaa virefu vinavyochanwa kwenye mashuka yaliyochakaa, unafungwa kuanzia kifundo cha mguu mpaka chini ya goti. Mfungaji wetu mkuu alikuwa Mzee Sabuni, mwenzetu wa siku nyingi kuliko wote, anayechanganya sabuni kwenye mashine kubwa. Anafunga vizuri, hatumkosoi. Mgeni akiajiriwa hapa, kabla hajaonyeshwa swichi ya mashine, alikuwa anaonyeshwa beseni.

Miaka minne iliyopita miguu ya Bi Mkunjo ilianza kuvimba. Tukasema, haya, ni dobi huyo. Tukamfunga. Kwa wengine uvimbe hushuka usiku, lakini wake asubuhi ulikuwa bado upo. Tukamfunga tena, safari hii mpaka juu ya goti. Tukamshauri anywe maji mengi kuosha figo, tukamtengea jagi lake la lita mbili. Akawa anachoka upesi. Akiinua kapu la foronya anatua njiani na kushika ukuta. Chakula kikawa hakimwingii, anasema kuna kitu kinamkaza chini ya mbavu za kulia, kama mtu amemwekea tofali. Halafu tumbo likaanza kujaa.

Hapo tukafanya utani. "Bi Mkunjo," akasema mwenzetu wa mashine ya kukamulia, "mbona umetuficha habari njema?"

"Nina miaka hamsini na mmoja," akajibu. "Kama ni habari njema, haitoshi kuwaambia ninyi. Iende gazetini."

Tulicheka mpaka tukashikana mabega, na yeye akacheka pamoja nasi, huku ameegemea meza hii hii ili avute pumzi. Tulimpenda, na tuliendelea kumfunga. Tunakiri mbele yako na mbele ya Mungu kwamba kwa miaka mitatu ugonjwa wa moyo ulisimama katikati yetu, nasi tukauvisha vitambaa.

DARASA LA JIONI

Darasa letu lilianza kwa watu wanne waliotaka kusoma majina ya wodi kwenye mifuko bila kubahatisha. Likakua. Mwalimu, ambaye mchana hufundisha shule ya msingi, huja saa kumi na moja zamu ya mchana inapopumzika, nasi husogeza makapu na kukaa kwenye madawati haya. Bi Mkunjo alikuwa mwanafunzi wa tano kujiandikisha. Aliacha shule akiwa na miaka tisa, na aliporudi kushika kalamu alisema imekuwa nzito kuliko pasi.

Jioni moja somo lilikuwa moyo. Mwalimu alikuja na mchoro alioupaka rangi nyuma ya karatasi ya kalenda: vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, bluu upande wa kulia na nyekundu upande wa kushoto. Akatueleza damu inavyozunguka, kisha akatuambia kila mtu atafute mapigo yake kwenye kifundo cha mkono na kuyahesabu.

Mzee Sabuni akahangaika na mkono wake, akaubadili, akauacha.

"Mwalimu," akasema, "mimi ya kwangu siyapati. Lakini ya dada huyu nayaona toka hapa nilipo."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alisogea, akamwomba Bi Mkunjo afungue kilemba kidogo. Pembeni ya shingo, mshipa ulikuwa umetuna, na ulikuwa ukiinuka na kushuka, unaonekana bila kuguswa.

"Mama, hii imeanza lini?"

"Hiyo? Inanichezea tangu mwaka juzi. Nilidhani ni mshipa wa kuongea sana."

"Na miguu?"

"Miguu ni ya dobi, mwalimu. Hiyo tumeshaizoea."

Mwalimu akakunja mchoro wake. "Mimi ni mwalimu, si daktari," akasema. "Lakini kesho usije darasani. Kesho nenda kliniki ya moyo. Tena uende hivyo hivyo, na vitambaa vyako, wakaone."

Mgeni rasmi, mwalimu huyo amekaa upande wako wa kushoto. Hapendi kutajwa. Tumemtaja.

MLANGO NA FREMU

Kesho yake Bi Mkunjo alisindikizwa na binti yake, na pia Fundi Boila, mwenzetu anayetunza mabomba na pampu, aliyepewa ruhusa ya saa mbili akarudi baada ya tano.

Sista alivifungua vile vitambaa taratibu, mzunguko baada ya mzunguko. Akabonyeza ngozi kwa kidole gumba, akaondoa kidole, na shimo likabaki.

"Nani alikufunga hivi?"

"Wenzangu wa kazini."

"Wanakupenda?"

"Sana."

"Basi waambie wakupende kidogo," akasema sista, na kumpeleka kwenye kipimo kiitwacho eko, ambacho huutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, bila sindano wala kisu. Bi Mkunjo alilala ubavu akauona moyo wake kwenye kioo, ukifungua na kufunga. Alimwambia binti yake kwamba kwa umri wote huo alikuwa akimwomba Mungu ausafishe moyo wake, na ile ndiyo mara ya kwanza kuuona.

Baadaye sista aliwakalisha wote watatu, akawachorea. Tunaandika hapa alivyoeleza, kwa sababu tumeapa kutosahau. Upande wa kulia wa moyo, kati ya chumba cha juu na cha chini, kuna valvu, yaani mlango mdogo wa nyama laini. Una vipande vitatu, na madaktari huuita trikaspidi. Damu iliyokwisha kutumika mwilini hushukia hapo. Chumba cha chini kikijikaza ili kuisukuma kwenye mapafu, mlango hujifunga ili damu isirudi juu. Mlango wa Bi Mkunjo ulikuwa haufungi. Kila pigo la moyo, sehemu kubwa ya damu ilirudi ilikotoka: ikapanda shingoni, ikajaza ini, ikasukuma maji tumboni na miguuni. Ndiyo maana mshipa wa shingo ulicheza, ndiyo maana ya lile tofali chini ya mbavu.

Fundi Boila hakuweza kunyamaza. "Kwa hiyo mpira wa valvu umechoka?"

"Hapana," akasema sista. "Vipande vyenyewe ni vizima. Lakini chumba kimevimba, na pale vinaposhikizwa pamevutika. Sasa havikutani katikati."

Fundi akatazama mchoro. "Mlango mzima, fremu imetanuka."

Sista aliweka kalamu chini. Akasema amelieleza jambo hilo miaka mingi na hajawahi kulisema kwa maneno machache hivyo.

Na kwa nini fremu ilitanuka? Kwa sababu kulikuwa na ubovu mwingine, upande wa kushoto. Valvu ya huko ilikuwa imekakamaa na tundu lake kuwa dogo, damu ikarundikana kwenye mapafu, na upande wa kulia ukafanya kazi ya kusukuma mzigo usiosukumika mpaka ukachoka. Sista akamuuliza kama utotoni aliwahi kuumwa koo, kisha viungo vikavimba. Bi Mkunjo akashika goti lake. Alikumbuka akiwa na miaka tisa, koo likiwaka, kisha goti moja, kisha la pili, na marehemu mama yake akimkanda kwa kitambaa cha moto. Ndio mwaka ule alioacha shule. Koo lile halikupata dawa, na mwili wake ulipopigana nalo ulijeruhi moyo wake mwenyewe, polepole, kwa zaidi ya miaka arobaini.

DAWA, MIZANI NA KISU

Alianzishiwa vidonge vya kupunguza maji mwilini. Tukamwachia choo cha karibu na kabati la mashuka, na foleni ikitokea anapishwa kama gari la wagonjwa. Akapunguziwa chumvi. Lile jagi la lita mbili tukalichukua, tukamwekea kikombe. Aliambiwa ajipime uzito kila asubuhi, na ukipanda kilo mbili kwa siku mbili au tatu asingoje, apande kliniki, maana mafuta ya mwili hayaji kwa kasi hiyo. Hayo ni maji.

Mizani tunayo. Kila asubuhi alipanda juu ya mizani ya mizigo pale mlangoni, na mpokea mizigo akaandika. Siku moja mpokea mizigo, kwa mazoea, akamwandika kwenye daftari la nguo: wodi namba nane, mzigo mmoja, mbichi, kilo sitini na nane. Msimamizi alikuja na daftari mkononi akiuliza mzigo huo uko wapi, mbona haujafuliwa. Bi Mkunjo akainua mkono. "Niko hapa, bosi. Nasubiri kukamuliwa."

Lakini ni mizani hiyo hiyo iliyotuonyesha, wiki ya sita, kwamba kilo tatu zimeongezeka kwa siku mbili. Alilazwa siku hiyo hiyo. Madaktari wakasema vidonge vinamsaidia kukaa, havimrekebishi. Walieleza kwamba wapo wagonjwa ambao mlango huo hurekebishwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja bila kufungua kifua. Kwake haikufaa, kwa sababu valvu ya kushoto nayo ilihitaji kubadilishwa. Kifua kingefunguliwa mara moja, kazi mbili zifanyike: ya kushoto iwekwe mpya, ya kulia ikazwe kwa pete.

Bi Mkunjo alikataa. Hakugomba, hakulia. Alisema tu kwamba hawezi.

"Sista, mimi nifunguliwe kama foronya, mto utolewe, urudishwe?"

"Mto hatutoi, mama. Tunakaza mshono."

"Na uzi ukikatika?"

Sista hakumdanganya. Alimwambia hatari iliyopo, akamwambia na hatari ya kukaa hivyo, kwamba ini na figo zisingemsubiri, na mwaka mmoja baadaye hata kisu kisingefaa kitu. Kisha akamwacha na binti yake.

Binti yake ni mshonaji wa sare za shule, si msemaji. Alikaa kitandani pembeni ya miguu ya mama yake, akasema, "Mama, umeombea watu waliolalia mashuka yako miaka kumi na tisa. Uliwaombea nini?"

"Wapone."

"Waponeje? Kwa kukimbia hospitali?"

"Mdomo huo," akasema Bi Mkunjo, "umeutoa kwa baba yako." Akaomba kalamu atie sahihi, na akaiandika mwenyewe, jina zima, kama alivyofundishwa darasani. Miaka miwili kabla ya hapo angeweka dole gumba.

Nguo za kijani zilizomfunika asubuhi ya upasuaji tulizifua na kuzipiga pasi sisi. Tuligombea zamu hiyo. Aliyeipata ni Mzee Sabuni, ambaye hajawahi kugusa pasi maishani, na alifundishwa jana yake mpaka vidole vikamwungua. Alishusha mkono wa pasi, na tukaona midomo yake inachezacheza.

Kazi ilichukua saa tano. Mashine hatukuzizima, kwa sababu hospitali haisimami, lakini kila mtu aliomba mahali alipo, kila mmoja kwa dini yake, katikati ya mvuke. Saa nane na dakika kumi sista alishuka zile ngazi mwenyewe, hakupiga simu. Alisimama pale mlangoni, akamtafuta Fundi Boila kwa macho.

"Fremu imekazwa," akasema.

Mgeni rasmi, utusamehe kwa ile kelele. Tunajua ilifika hadi wodi ya wazazi.

MAFANIKIO

Tunajivunia kukuarifu kwamba leo ni miezi minane tangu siku hiyo. Eko ya mwezi uliopita ilionyesha valvu mpya ya kushoto inafanya kazi, na ya kulia inavuja kidogo sana, kiasi ambacho daktari alisema hata watu wazima wengi wenye afya wanacho. Tumbo limeshuka. Mshipa wa shingo umetulia. Amerudia viatu alivyokuwa amempa dada yake, na dada yake hajafurahi.

Ngazi zetu ni ishirini na sita. Leo asubuhi amezishuka, akagundua amesahau miwani juu, akapanda, akashuka tena. Tulikuwa tumejipanga ukutani kumpa mkono na hakuuhitaji mkono wa mtu.

Wenzake kumi na mmoja, sisi tuliokuwa tukifunga vitambaa, tulipanda kliniki kwa zamu. Tisa miguu yetu ni ya kusimama tu, na tumefundishwa kuinyanyua wakati wa mapumziko. Mmoja figo zake zinaangaliwa. Mzee Sabuni amekutwa na shinikizo la damu la kutisha na sasa anameza vidonge, akilalamika kila siku, lakini anameza. Beseni tumelivunja. Watoto wetu wakiumwa koo na homa hatuwakandi nyumbani tena. Tunawapeleka wapimwe, na wakipewa dawa wanamaliza dozi.

Na kwenye mtihani wa mwisho wa darasa la jioni, swali la nne lilisema: chora moyo na uonyeshe njia ya damu. Alama zote za swali hilo alizipata mtu mmoja. Alichora bila kunyanyua kalamu, na kwenye valvu ya kulia akaongeza pete, ingawa kitabu hakina pete. Mwalimu hakumkata alama.

CHANGAMOTO

Daktari wake ameandika kwamba anaweza kufanya kazi. Ameandika pia masharti: asinyanyue mzigo wa zaidi ya kilo kumi, asisimame zamu nzima, na kila mwezi aende kupima damu, kwa kuwa ile valvu mpya inamlazimu kumeza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Ofisi ya utumishi ilisoma karatasi hiyo na kujibu, kwa haki kabisa, kwamba mwongozo wa kazi ya kufulia unataka kila mfanyakazi aweze kunyanyua mzigo mbichi. Shuka likilowa ni zito, na kapu la mashuka mabichi halipungui kilo ishirini na tano. Kwa hiyo barua ikaandikwa. Hatumlaumu aliyeiandika. Mwongozo haumjui Bi Mkunjo.

Tulipomwambia tutamwombea kwako, alituzuia.

"Msiniombee kazi kama anayeombewa sadaka," akasema. "Semeni ninachoweza."

Basi tunasema. Anaweza kuendesha pasi ya mvuke akiwa amekaa. Fundi Boila ameshusha mkono wake na kutengeneza kiti chenye mgongo, na tumekijaribu wiki nzima. Anaweza kutia viraka, na mashuka mia na arobaini yanayosubiri kutupwa yanaweza kurudi vitandani. Anaweza kusoma orodha za wodi, jambo ambalo zamani lilimshinda. Anaweza kumtazama mgeni siku ya kwanza ya kazi na kumwambia apande kliniki. Hawezi kunyanyua shuka bichi. Ni hilo moja tu.

MAOMBI

Tunaomba mambo mawili. La kwanza, sista ashuke kwetu mara moja kila miezi mitatu aione miguu yetu na shingo zetu, maana sisi huwa tunachelewa kupanda. La pili unalijua. Tulitaka kuweka na la tatu kuhusu dari inayovuja, tukaona lisubiri.

Mwenyezi Mungu akubariki, mgeni rasmi, wewe na nyumba yako. Ailinde mikono ya madaktari wako na macho ya wauguzi wako. Awape shuka safi na usingizi mtulivu wote waliolala juu yetu saa hii. Amina.

AHADI

Kabla hatujaketi, tunaomba ruhusa yako tusimame wote, zamu zote mbili, na tuseme kwa sauti. Mashahidi wetu ni wewe mwenyewe, sista, mwalimu, na binti yake aliyekaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Bi Mkunjo hakujua sehemu hii. Tulimsomea mpaka kwenye maombi tu.

Sisi wafanyakazi ishirini na mmoja wa Chumba cha Kufulia, tukiwa na akili zetu timamu, tunaahidi mbele ya Mungu na mbele yako kwamba kila shuka bichi lililopaswa kunyanyuliwa na Bi Mkunjo litanyanyuliwa na mmoja wetu, leo, kesho, na kila siku atakayokuwa kazini humu, na kwamba mzigo wa chumba hiki hautachelewa kufika wodini hata saa moja kwa sababu yake. Ukichelewa, usimwite yeye. Tuite sisi.